Maswali ya Wasomaji: Kuziba Mshipa wa Damu Bila Kupasua

Barua nyingi zilizotufikia hivi karibuni zinahusu tiba moja, nayo ni ile ambayo daktari huingiza mrija mwembamba, yaani katheta, ndani ya mshipa wa damu, akaufikisha mahali penye hitilafu na kuuziba mshipa huo kutoka ndani. Kitaalamu tiba hiyo huitwa embolaizesheni, na hufanywa na daktari wa rediolojia aliyesomea kutibu kwa kuongozwa na picha. Nimezifupisha barua na kuondoa majina ya waandishi. Ninaomba msomaji alishike jambo moja anapoendelea: tundu la kuingilia kuwa dogo hakufanyi uamuzi nao kuwa mdogo. Kila mshipa unaozibwa ulikuwa ukilisha sehemu fulani ya mwili, na ni lazima ijulikane mapema sehemu hiyo itapata wapi damu nyingine, au kama inakusudiwa ife.

Shikamoo daktari. Mdogo wangu aligongwa na gari na wengu wake ukapasuka. Tulijiandaa kwa upasuaji, lakini madaktari wakapitisha mrija kwenye kinena na kuuziba mshipa. Ametoka hospitali akitembea, ila ndugu wengine wanasema alifanyiwa kazi nusu na kwamba damu itavuja tena. Wengu uliopasuka unaweza kuachwa tumboni? — Kaka mwenye wasiwasi

Marahaba, na poleni kwa mliyoyapitia. Mdogo wako hakufanyiwa kazi nusu. Mgonjwa aliyeumia wengu, lakini shinikizo la damu yake likawa limetulia, siku hizi hutibiwa kwanza kwa nia ya kuuokoa wengu huo, kwa sababu kiungo hicho huusaidia mwili kukamata baadhi ya bakteria hatari, wakiwemo wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Aliyeondolewa wengu huishi na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata maambukizi makali maisha yake yote, na ndiyo maana huchanjwa na kuonywa asiipuuze homa yoyote.

Kazi yenyewe huanza na picha ya CT inayoonyesha jeraha liko wapi na kama damu bado inavuja. Mgonjwa hulazwa kwenye meza chini ya mashine ya eksirei, ngozi ya kinena au ya kifundo cha mkono hupigwa ganzi, na ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, huchomwa sindano. Waya laini hupitishwa ndani ya sindano, sindano hutolewa, kisha katheta huteleza juu ya waya hadi ndani ya mshipa. Utaratibu huo wa sindano, waya na katheta ulielezwa na Sven-Ivar Seldinger wa Sweden mwaka 1953, na hadi leo ndio mlango wa kazi zetu nyingi. Katheta ya kawaida ina unene wa milimita 1.3 hadi 1.7 hivi, na ndani yake hupitishwa nyingine isiyofikia hata milimita moja, ambayo ndiyo inayoingia kwenye matawi madogo.

Kisha hudungwa dawa ya kontrasti yenye iodini, na mishipa yote ya eneo lile huonekana kwenye skrini kwa sekunde chache. Mgonjwa aliye macho huhisi joto la ghafla likimpita mwilini, na wapo wanaodhani wamejikojolea. Hawajajikojolea, ni dawa tu. Macho ya daktari wakati huo yanatafuta doa dogo lililo nje ya mstari wa mshipa, doa linalozidi kutanuka na ambalo bado lipo hata baada ya dawa kusafishwa na damu kwenye mishipa mingine yote. Hapo ndipo panapovuja. Katheta husogezwa, koili, yaani nyuzi laini za platini, husukumwa mojamoja na kujikunja ndani ya mshipa, damu huganda juu yake, na kontrasti hudungwa tena. Doa lisipoonekana tena, mirija hutolewa.

Kwa wengu, mara nyingi koili huwekwa kwenye shina la ateri yake, na hapa ndipo ndugu wengi wanapouliza iwapo kiungo hakitakufa. Hakifi, kwa kuwa matawi madogo yanayotoka upande wa tumbo la chakula na kongosho huendelea kukifikishia damu, isipokuwa kwa shinikizo dogo zaidi, na shinikizo likipungua jeraha hupata nafasi ya kufunga. Ikiwa kinachovuja ni tawi moja linaloonekana wazi, daktari anaweza kulifuata tawi hilo peke yake, ingawa kipande cha wengu kinacholitegemea huenda kikafa.

Hofu ya ndugu zako haikosi msingi kabisa. Wapo wachache wanaovuja tena, zaidi katika siku za mwanzo, na ndiyo sababu hulazwa na kupimwa mara kwa mara. Mdogo wako aepuke michezo ya kugongana na kazi za kubeba mizigo kwa muda wote atakaopangiwa na daktari wake, na akipata maumivu mapya upande wa kushoto wa tumbo au kwenye bega la kushoto, kizunguzungu au jasho la baridi, arudi hospitali siku hiyo hiyo. Lijulikane pia kwamba mgonjwa ambaye shinikizo lake linaporomoka hata anapoongezewa damu hapelekwi kwenye meza ya katheta kwa jeraha la wengu. Anapelekwa kwenye chumba cha upasuaji, na kumchelewesha ni kumpoteza.

Mifupa ya nyonga iliyovunjika ni habari nyingine. Humo damu huvuja kutoka matawi mengi yaliyojificha nyuma kabisa ya tumbo, ambako mkono wa daktari wa upasuaji hufika kwa taabu, kwa hiyo damu ikiwa inatoka kwenye ateri, kuziba kwa katheta kunaweza kuwa ndiyo njia bora hata kwa mgonjwa aliye mahututi. Mara nyingi hutumika vipande vya sponji ya jelatini, ambavyo mwili huviyeyusha baada ya wiki kadhaa na mshipa ukaweza kufunguka tena baada ya jeraha kupona.

Wala tiba hii si ya majaribio. Mwaka 1972 Josef Rösch, Charles Dotter na mwenzao wa Marekani walichapisha habari ya mgonjwa aliyekuwa akivuja damu tumboni, ambaye ateri yake ilizibwa kwa bonge la damu yake mwenyewe lililopitishwa kwenye katheta.

Daktari, nina umri wa miaka 38 na nina fibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi. Hedhi yangu imekuwa nzito mno, hadi nimewahi kuongezewa damu. Nimesikia kwamba mishipa ya kizazi inaweza kuzibwa nikaepuka kisu. Sijapata mtoto na ninamtaka sana. Wenzangu wananiambia nisisite. — Dada anayetaka kujua

Dada yangu, wenzako wanakutakia mema, lakini mimi nakuomba usite kidogo, na sababu ni hayo maneno yako kwamba unamtaka mtoto.

Kwanza nieleze tiba inavyofanya kazi. Kizazi hulishwa na ateri mbili, moja kila upande. Daktari huziingia zote mbili na kuachilia chembe ndogo sana, kwa kawaida zenye upana wa nusu milimita au zaidi kidogo, ambazo huchukuliwa na mkondo wa damu hadi kwenye mishipa inayouzunguka uvimbe. Fibroidi hukosa damu na kufa polepole, huku nyama ya kawaida ya kizazi ikinusurika kwa damu ya matawi mengine. Tiba hii ilipata umaarufu baada ya Jacques Ravina na wenzake wa Paris kuchapisha matokeo yao mwaka 1995. Awali walikuwa wakiitumia kupunguza damu kabla ya upasuaji, kisha wakaona baadhi ya wanawake wakipata nafuu kiasi cha kutouhitaji tena upasuaji wenyewe. Kwa wanawake wengi hedhi hupungua kwa kiasi cha kuridhisha, na uvimbe hunywea hadi karibu nusu ya ukubwa wake ndani ya miezi 3 hadi 6. Hautoweki, na anayeahidi kwamba utatoweka hasemi kweli.

Kwa mwanamke aliyekwisha kuzaa na asiyetaka kuondolewa kizazi, hili ni chaguo zuri ambalo anastahili kuelezwa, na nasikitika kwamba wengi hutolewa kizazi bila hata kulisikia. Lakini naye aambiwe upande wa pili. Katika utafiti wa Uingereza uliowalinganisha wanawake 157, waliozibwa mishipa walirudi kwenye shughuli zao mapema kuliko waliopasuliwa, lakini kufikia mwaka wa tano karibu theluthi moja yao walikuwa wamehitaji kutibiwa tena, ilhali kwa waliopasuliwa ilikuwa takriban asilimia 4.

Kwako wewe hesabu inabadilika. Wapo wanawake waliobeba mimba na kujifungua salama baada ya tiba hii, lakini ushahidi tulio nao unaonyesha mimba kuharibika mara nyingi zaidi, na kuna uwezekano wa chembe kupita kwenye matawi yanayokwenda kwenye ovari na kuzipunguzia nguvu, hatari inayokuwa kubwa zaidi umri unapokaribia miaka 45 na kuendelea. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa wanawake 254, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba waliotolewa fibroidi kwa upasuaji huku kizazi kikibakizwa walikuwa na hali bora ya maisha baada ya miaka miwili kuliko waliozibwa mishipa, ingawa makundi yote mawili yalipata nafuu. Kwa hiyo mwanamke anayetaka mtoto hushauriwa kwanza upasuaji wa kuondoa fibroidi peke yake, iwapo unawezekana kwa salama. Kuziba mishipa hubaki kwa yule ambaye fibroidi zake ni nyingi au zimekaa mahali ambapo kuziondoa kungehatarisha kizazi chote.

Kapige picha ya MRI ukiweza, uonane na daktari wa magonjwa ya wanawake pamoja na daktari wa rediolojia, na uwaulize mbele ya mwenzio: kati ya njia hizi mbili, ipi inaniachia nafasi kubwa zaidi ya kubeba mimba nikizingatia mahali fibroidi zangu zilipo? Upungufu wako wa damu utibiwe tangu sasa. Hakuna haja ya kusubiri uamuzi ule kwanza.

Mwanangu ana miaka 16. Tangu utotoni ana alama nyekundu mkononi, ambayo sasa imekuwa uvimbe wenye joto unaodundadunda. Miaka miwili iliyopita alipasuliwa na ateri kubwa inayopeleka damu pale ikafungwa. Uvimbe ulinywea, kisha ukarudi mkubwa kuliko kwanza. Sasa tunaambiwa azibwe kwa katheta. Si kurudia jambo lile lile? — Mama wa kijana

Hapana mama, si jambo lile lile, mradi tu lifanywe inavyotakiwa. Swali lako linagusa kiini cha kazi yetu, kwa hiyo niwie radhi nikirefusha.

Katika mwili wenye afya, damu hutoka kwenye ateri kwa nguvu, hupita kwenye mtandao wa kapilari, yaani mishipa midogo mno, ambako nguvu hiyo hupungua, kisha huingia kwenye vena, mishipa inayoirudisha moyoni, ikiwa imetulia. Ninavyomsoma mwanao, huenda amezaliwa na mahali ambapo kapilari hizo hazipo, ateri zikawa zinamwaga damu moja kwa moja ndani ya vena kupitia fundo la mishipa isiyo ya kawaida. Joto na kudunda unakohisi ukiweka kiganja juu yake ni damu ya ateri inayopita kwa kasi mahali isipopaswa. Fundo hilo huivuta damu bila kikomo, kwa kuwa halina cha kuipinga.

Ukifunga ateri inayokuja, ukaliacha fundo, ni sawa na kuziba mfereji mmoja unaoingia bondeni wakati bonde lenyewe bado linavuta maji: yatatafuta vijito vingine, na vitapanuka. Ndivyo ilivyotokea kwa mwanao. Matawi madogo ya jirani yamepanuka na kuchukua kazi ya ateri ile, na ubaya ulioongezeka ni kwamba njia iliyonyooka ambayo katheta ingepitia sasa imefungwa. Simlaumu daktari nisiyejua aliona nini siku ile, pengine alikuwa akizuia damu iliyokuwa ikitoka. Lakini kufunga ateri kwa mbali si tiba ya maradhi haya, wala kuweka koili kwa mbali si tiba, kwa sababu matokeo ni yale yale.

Kinachotakiwa ni kulijaza fundo lenyewe. Daktari anaweza kulifikia kwa katheta nyembamba kupitia matawi yaliyobaki, au kwa kulichoma sindano moja kwa moja kupitia ngozi, au kwa kuingilia upande wa vena, na mara nyingi huchanganya njia hizo. Vinavyotumika ni vimiminika. Kipo aina ya gundi inayoganda mara tu inapokutana na damu, kwa hiyo katheta husafishwa kwanza kwa maji ya glukosi, gundi hudungwa kwa sekunde chache, na mrija huvutwa kwa haraka usije ukanata ndani. Kipo pia kimiminika kizito cheusi ambacho huingia taratibu na kumpa daktari nafasi ya kusimama, kutazama na kuendelea. Kiyeyushi chake hutoka kwa pumzi, na mgonjwa hunuka kama vitunguu saumu kwa siku moja au mbili, jambo ambalo familia ziambiwe mapema ili zisishtuke. Na ipo alkoholi kali, ambayo huua kuta za mishipa ya fundo na kwa hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi ya kuzuia lisirudi, lakini inaweza kuunguza ngozi na kuharibu neva, na ikiingia kwa wingi kwenye mzunguko wa damu inaweza kuufanya moyo ushindwe. Hiyo hutumiwa kwa kiasi kidogo, mgonjwa akiwa kwenye nusu kaputi, na mikononi mwa aliyeizoea.

Jiandae kwa safari ya awamu kadhaa zilizoachana kwa wiki au miezi. Kwa wagonjwa wengi lengo huwa kuyadhibiti maradhi, maumivu yapungue na mkono ufanye kazi, kuliko kuyafuta kabisa. Katika umri wa kubalehe fundo huelekea kukua kwa kasi, kwa hiyo msikae sana. Muulize daktari atakayemtibu: utaliziba fundo lenyewe au njia ya kuliendea? Umetibu wangapi wa aina hii? Neva za mkono ziko wapi ukilinganisha na mahali utakapodunga? Daktari mzuri hataudhika kwa maswali hayo.

Kwa wazazi wengine watakaosoma hapa: alama nyekundu za watoto si zote za namna hii. Ipo ile inayotokea wiki chache baada ya kuzaliwa, ikakua haraka na kisha kunywea yenyewe mtoto anapokua, na tangu mwaka 2008 inajulikana kwamba dawa ya propranololo huisaidia kunywea. Upo pia uvimbe wa vena ulio laini, usiodunda, unaojaa mtoto anapouinamisha mkono, na huo hutibiwa kwa kudungwa sindano moja kwa moja. Kipimo cha ultrasaundi cha kuangalia mwendo wa damu hutosha mara nyingi kuzitofautisha, na kifanywe kabla ya mtu yeyote kushika kisu.

Nilitibiwa kifua kikuu nikapona, lakini sasa kuna siku nakohoa damu, mara moja ilijaa kikombe. Naambiwa kuna mshipa wa kuzibwa. Kwa nini damu itoke ilhali nimepona? — Mzee msomaji wenu

Shikamoo mzee wangu. Kifua kikuu kinaweza kupona na kuacha mashimo na makovu kwenye mapafu, na pembeni ya makovu hayo mishipa inayolisha njia za hewa hunenepa na kuwa dhaifu. Mishipa hiyo hutoka moja kwa moja kwenye mshipa mkuu wa mwili, kwa hiyo ina shinikizo kubwa, na ndiyo inayovuja kwa wengi sana wanaokohoa damu nyingi. Wakati mwingine kuvu huota ndani ya shimo la zamani na kuyazidisha mambo. Tena upimwe makohozi upya, kwa sababu kifua kikuu chenyewe huweza kurudi.

Kuziba kwa katheta husimamisha damu haraka kwa wagonjwa walio wengi. Hatari tunayoichunga kuliko zote ni kwamba kwa baadhi ya watu tawi linalolisha uti wa mgongo huchipuka kutoka kwenye mshipa huo huo, na chembe zikiingia humo mtu anaweza kupooza miguu. Kwa sababu hiyo daktari hupiga picha kwa makini kabla ya kudunga chochote, husogeza katheta ndogo mbele ya tawi hilo, na hutumia chembe zisizo ndogo mno. Koili huepukwa pale, kwani huufunga mlango, na wewe huenda ukauhitaji mlango huo tena: damu inaweza kurudi baada ya miezi au miaka, hasa kukiwa na kuvu, ambayo mara nyingine hudai upasuaji.

Damu ya kujaza kikombe ni dharura, mzee. Ikitokea tena, lala ubavu wa upande unaovuja ukiwa umeambiwa ni upi, ili pafu lisilo na jeraha lisijae damu, na upelekwe hospitali bila kusubiri asubuhi. Kinachoua hapa zaidi ni kukosa hewa.

Baba yetu alipasuka mshipa wa ubongo uliokuwa umevimba kama kifuko, akawekewa koili. Mama mdogo aliwahi kupata maradhi hayo hayo akafunguliwa fuvu na kubanwa klipu. Nani alitibiwa vizuri zaidi? — Watoto wa mzee

Huenda wote wawili. Uvimbe huo huitwa aneurizimu. Koili zinazotumika ubongoni zilibuniwa na Guido Guglielmi, daktari wa Kiitaliano, mwanzoni mwa miaka ya 1990: ni uzi laini wa platini unaojikunja ndani ya kifuko, na daktari akiridhika umekaa vizuri huuachisha kutoka kwenye waya kwa umeme mdogo. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 2,143 ambao aneurizimu zao zilikuwa zimepasuka na zingeweza kutibiwa kwa njia yoyote kati ya hizo mbili. Baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 kwa koili na asilimia 30.6 kwa klipu. Lakini klipu hufunga kwa uthabiti zaidi, na vipo vifuko vyenye mdomo mpana au vilivyokaa mahali ambapo klipu bado inafaa kuliko koili. Koili zinaweza kujibana kwa miaka na kuacha nafasi ya damu kurudi ndani, kwa hiyo baba yenu asikose picha za marudio hata akijisikia mzima kabisa. Mpunguzieni shinikizo la damu, na kama anavuta sigara, mwombeni aache.

Nina koili mwilini. Naweza kupigwa MRI? Na mashine za uwanja wa ndege zitalia?

Koili za platini kwa kawaida hazizuii MRI, na ni nadra kuamsha mashine za ukaguzi. Omba kadi au barua yenye jina la kifaa ulichowekewa na uionyeshe kabla ya kila MRI, maana mhudumu hawezi kukisia.

Mama yangu ana kisukari na figo zake zimechoka kidogo. Amepangiwa kuzibwa mshipa. Tumwandae vipi? — Binti yake

Waambieni madaktari mapema habari za figo, na mwombe kipimo cha kriatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla ya siku yenyewe, kwa sababu dawa ya kontrasti hutolewa na figo na inaweza kuzielemea. Figo zikiwa dhaifu daktari hupunguza kiasi cha dawa, humwongezea mgonjwa maji, na kwa mishipa iliyo chini ya kifua anaweza wakati mwingine kutumia gesi ya kaboni dioksidi badala yake. Kama mama anatumia metiformini, dawa ya kisukari, mwulizeni daktari kama aisimamishe. Mara nyingi husimamishwa na kurudishwa baada ya saa 48 figo zikishapimwa tena. Dawa za kuzuia damu kuganda zitajwe zote, lakini asiache hata moja kwa uamuzi wa nyumbani. Aliyewahi kupata mzio wa kontrasti yenyewe aseme. Mzio wa samaki wa baharini hauhusiani na kontrasti, ingawa watu bado wanaambiwa hivyo.

Nilizibwa mshipa wa ini siku nne zilizopita kwa ajili ya uvimbe. Nina homa, kichefuchefu na maumivu ubavuni. Nimeharibiwa? — Msomaji

Pole sana. Ini hupata sehemu kubwa ya damu yake, kama robo tatu, kutoka kwenye vena kubwa ya matumbo, wakati uvimbe wa saratani ya ini hutegemea zaidi ateri. Ndiyo maana ateri inaweza kuzibwa ini likabaki hai. Nyama ya uvimbe inapokufa, mwili hujibu kwa homa, maumivu, kichefuchefu na uchovu. Hali hiyo huwapata wengi, huanza ndani ya siku ya kwanza au ya pili, na hupungua ndani ya wiki moja kwa dawa za maumivu, maji na mapumziko.

Yapo mambo yasiyosubiri. Homa inayopanda badala ya kushuka, au iliyokuwa imekwisha ikarudi na kutetemeka, huweza kuwa usaha. Macho kuwa ya njano, tumbo kujaa au kuchanganyikiwa ni dalili za ini kushindwa. Mguu uliopitishiwa katheta ukiwa wa baridi, umepauka au umekufa ganzi, damu yake imezuiwa. Kwa kuwa leo ni siku ya nne na hujaniambia homa inapanda au inashuka, piga simu wodi iliyokutibu leo hii, uwatajie vipimo vya joto vya siku zote nne. Na kama pale kwenye kinena pataanza kuvimba au kutoa damu, lala chali, mtu apabonyeze kwa nguvu kwa kiganja bila kuachia ili kuangalia, na mwingine atafute gari la kukupeleka hospitali.